Mhuri Usoni mwa Bibi

Video ya bibi yangu ina dakika 4 na sekunde 12. Ilipigwa mwaka 2011 uani kwetu Buzebazeba kwa simu ya binamu yangu, zile za kubonyeza, ambazo kamera yake leo tungeicheka. Bibi amekaa kwenye kigoda, ungo wa dagaa uko pembeni, na kuku anakatiza mbele ya kamera mara mbili bila kuomba radhi. Dakika 3 za mwanzo ni utani mtupu. Anamwuliza binamu kama hicho kidude kinachomkodolea macho nacho kinataka kula. Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha, bila kuulizwa, anageuza uso upande wa ziwa na kuanza kumsimulia dada yake aliyebaki ng'ambo: kijiji alikoolewa, juu kidogo ya Uvira, jina la mumewe, na majina ya watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayehesabu fedha za watu.

Bibi alifariki mwaka 2014. Majina yale hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa kwenye dakika ile ya mwisho tu.

Nimeanza na dakika hiyo kwa sababu ndiyo iliyokatwa na programu ya bure.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, nasoma Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu masimulizi ya wanawake wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Likizo iliyopita nilirudi Kigoma kukusanya data. Shangazi akafungua pindo la khanga yake, akanitolea memori kadi ndogo kama ukucha. "Bibi yako yumo humu," akasema. Niliichomeka kwenye simu yangu. Picha ikaja, sauti haikuja. Bibi akawa anafunua na kufumba mdomo kama mgebuka aliyetolewa majini. Nikalituma faili kwa msimamizi wangu. Kompyuta yake ikalikataa kabisa.

Basi nikafanya ambacho nawe ungefanya. Niliingia kwenye duka la programu nikaandika: badilisha video bure. Ikaja safu ndefu. Nikachagua ya juu, yenye nyota nyingi, iliyojitambulisha kwa ahadi mbili: rahisi, bure. Jina lake silitaji, kwa sababu ukiing'oa hiyo utakuta dada zake kumi wamepanga foleni nyuma yake, wamevaa sare.

Iliomba ruhusa ya kufikia mafaili yangu yote. Nikaruhusu. Ikaomba kujua nilipo. Kubadilisha video kunahusiana nini na mahali nilipokaa? Sikuuliza, nikaruhusu. Likaja tangazo la sekunde 30, la mchezo wa kupanga peremende, lenye kitufe cha kufungia kidogo kama chawa. Ukikikosa, unapelekwa kuupakua mchezo wenyewe. Nilihesabu matangazo 11 kabla kazi haijakwisha, yote ya video, yote yakilamba bando langu. Kazi ilipofika asilimia 60 ikaniuliza kama ninaipenda, na kama ninaipenda niipe nyota 5. Yaani chakula bado kiko jikoni, mpishi kashatoka kudai shukrani. Nilitoa nyota 5 ili anipishe njia. Kumbuka kosa langu hilo, tutalirudia.

Nilichopewa mwishoni kilikuwa dakika 3 kamili. Dakika ya nne ni ya wanaolipia, kwa wiki, kwa dola, kwa kadi ya benki. Na katikati ya uso wa bibi, kutoka paji hadi kidevu, programu ilikuwa imegonga mhuri wa jina lake. Nikajiambia si kitu, faili la awali lipo. Halikuwepo. Kwenye mipangilio, chini kabisa, kulikuwa na kisanduku kilichowekewa tiki na wenye programu kabla mimi sijafika: futa faili la awali baada ya kubadilisha, uokoe nafasi.

Sasa naomba tugombane kuhusu neno bure.

Kwenye barabara ya kwenda Ujiji yupo mama anayeuza mawese. Ukifika, bei inatoka kinywani mwake kabla hujafungua mfuniko wa chupa yako. Mkishaelewana anapima, na akishapima anaongeza kidogo juu. Hiyo ndiyo nyongeza, na nyongeza ndiyo bure ninayoijua mimi. Ni kitu kinachokuja juu ya bei uliyoambiwa. Sijawahi kuona muuza mawese anayekwambia "chukua bure", halafu ukifika nyumbani unakuta amebaki na robo ya mafuta, ameandika jina lake kwenye paji la uso wa mwanao, na chupa yako ya zamani ameivunja ili akuokolee nafasi kabatini.

Niliyoyapata kwenye simu yalikuwa biashara iliyoficha bei. Nililipa kwa bando, kwa nusu saa ya macho yangu, kwa ruhusa ya kupekuliwa mafaili na kufuatiliwa nilipo, na nusura nilipe kwa dada ya bibi. Wahenga wametuachia "rahisi hugharimu", nasi tumekuwa tukiinukuu kwa viatu na nyaya za chaja. Tuihamishie huku. Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu huduma za bure za mtandaoni za kubadilisha mafaili, kwamba baadhi yake hutumika kupandikiza programu hasidi na kuvuna taarifa za watu. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria ni nzuri. Lakini sheria haiwezi kuketi juu ya kidole chako wakati unabonyeza "ruhusu" mara tatu kwa mpigo.

Neno la pili ni rahisi, na hili ndilo linalonikera zaidi.

Video ni chupa na kilichomo ndani ya chupa. Ile 3GP tunayoiona mwishoni mwa jina la faili ni chupa, iliyobuniwa kwa ajili ya simu za kizazi cha tatu. Ndani yake, kwenye simu za enzi zile, picha kwa kawaida zilibanwa kwa ufundi uitwao H.263, na sauti kwa AMR, ufundi uliotengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu. Ndiyo maana sauti za video zile zinasikika kama mtu anayepiga simu kutoka kisimani. Wakati mwingine shida ni chupa tu, na inatosha kumimina kilichomo kwenye chupa nyingine bila kupoteza hata tone. Wakati mwingine lazima upike upya, na kila unapopika upya kuna kinachopungua. Na mara nyingi huhitaji kufanya lolote kati ya hayo. Unahitaji kichezeshi kinachoijua chupa ya zamani.

Programu "rahisi" haikuniuliza ninahitaji lipi kati ya hayo matatu. Ilinificha swali, ikaita kunificha huko wepesi. Urahisi wa kweli ni wa fundi anayekueleza kwa maneno machache atafanya nini na kitu chako, kisha akafanya hicho hicho. Kubadilisha kitu siyo lazima kukiharibu. Meli yetu ya Liemba ilizinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915 ikienda kwa mvuke, na miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli. Hata Waingereza, waliolifuta jina lake la Kijerumani na kuiita Liemba, walituachia meli nzima. Hawakukata robo ya nyuma wakasema lipieni kwa wiki.

Nilikwenda kwa kijana mwenye kibanda cha kurusha nyimbo, hapa hapa Buzebazeba, nikiwa nimeshaanza kulia. Kibanda kina kompyuta moja ya mezani iliyofunikwa kitambaa dhidi ya vumbi, spika mbili kubwa kuliko mlango, na karatasi ukutani: nyimbo 50 bei fulani, filamu moja bei fulani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, toa kadi kwenye simu sasa hivi. Usipige picha, usipakue kitu."

Nikamwambia faili limefutwa.

"Kufuta siyo kuchoma moto. Imefuta anwani tu, nyumba bado ipo mpaka aje mpangaji mwingine. Elfu tano nikiipata. Nisipoipata utaninunulia soda."

Tazama. Bei mlangoni, sharti mlangoni, na hatari imetajwa. Akafungua programu iitwayo PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, inayotolewa bure pamoja na msimbo wake wote. Haina sura. Ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na ukiliona unadhani kompyuta imeugua. Lakini inaisoma kadi bila kuandika chochote juu yake, na inakuuliza vilivyookolewa uviweke wapi, mbali na kadi yenyewe. Baada ya saa moja hivi tulikuwa na kabrasha lililojaa mafaili yaliyopoteza majina, kila moja likiitwa kwa herufi f na namba. Kijana akawa anayafungua kwa VLC, moja moja. Harusi ya mtu. Mechi ya mchangani. Kuku. Kisha sauti ya bibi ikatoka kwenye spika zile zilizozoea singeli, ikijaa kibanda chote, ikiuliza kama hicho kidude nacho kinataka kula.

Dakika 4 na sekunde 12. Hakuna mhuri.

Nilimlipa elfu tano na soda juu yake. Nyongeza. Ndipo aliponiambia, bila kunisimanga, kwamba tangu mwanzo sikuhitaji kubadilisha chochote. VLC ingeifungua video ile kwenye simu yangu na sauti yake. Ipo kwenye duka lile lile, haina matangazo, haidai wiki wala dola.

Kwa hiyo anayedhani napiga vita vitu vya bure hajanielewa. Bure ndiyo iliyoniokoa. VLC ilizaliwa kwenye mradi wa wanafunzi, watu wa umri wangu, uliosimama mwaka 1996 katika chuo cha École Centrale Paris, na mwaka 2001 ikaachiwa ulimwengu kwa leseni huria. FFmpeg, karakana iliyo nyuma ya sehemu kubwa ya video duniani, iliasisiwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard. HandBrake, inayobadilisha video kwenye kompyuta bila kuipiga mhuri wala kuikata, ilianzishwa mwaka 2003 na Eric Petit. Jean-Baptiste Kempf, anayeongoza mradi wa VLC, amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ili asiingize matangazo humo. Na sasa sikia kichekesho. Programu nyingi za kubadilisha video zinazotukamua kwenye simu zimejengwa juu ya FFmpeg hiyo hiyo. Mradi huo uliwahi hata kuweka orodha ya aibu ya waliotumia kazi yake bila kufuata masharti ya leseni. Watu walichimba kisima cha kijiji, mwingine akazungushia uzio na kukata tiketi, na langoni akaandika: maji bure.

Najua nitakayojibiwa, na baadhi yake ni haki.

Nitaambiwa kwamba mtengenezaji naye ana tumbo. Kweli, na ale. Mimi si mtoto wa tajiri, lakini kama programu ingeniambia mwanzoni kwamba dakika 3 ni bure, zaidi ya hapo ni kiasi fulani, tena niweze kulipa kwa simu kama ninavyolipia umeme, ningekaa chini nikahesabu. Huenda ningelipa. Ninachopinga ni kuingizwa ndani kwa neno moja na kutolewa kwa jingine, huku mali yangu ikiwa mkononi mwao.

Nitaambiwa ningesoma masharti. Sawa. Masharti yaliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, urefu wa sura ya tasnifu. Na hata msomaji mwenye subira anastahili kukuta kisanduku cha kufuta kikiwa kitupu. Kumfutia mtu kitu chake ni jambo la kuombwa, si jambo la kusahau kukataa.

Nitaambiwa pia kwamba hizo nzuri za bure ni za wenye kompyuta na wenye elimu. Hili lina uzito, kwa sababu wengi wetu kompyuta yetu ni simu. Lakini aliyeniokoa mimi msomi ni kijana asiyejiita msomi, aliyejifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Ujuzi upo Buzebazeba. Ulikosekana kwangu.

Na hapa nageuza kidole. Baada ya siku ile nilirudi kusoma maoni ya watumiaji wa ile programu. Nyota 5, nyota 5, nyota 5, asante sana, iko vizuri. Katikati yake, kama mawe ndani ya mchele, watu waliokuwa wakilia: harusi imekatwa, sauti imepotea, faili la awali halionekani. Niliwaza ni wangapi kati ya wale wa nyota 5 walitoa kama mimi, kwenye asilimia 60, ili wapishwe njia. Nyota yangu ilikuwa ushahidi wa uongo. Iliisogeza programu ile juu ya safu ili mjukuu mwingine wa bibi mwingine aikute ya kwanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tulimsifu kabla hata hatujaonja.

Nimeibadilisha ikawa nyota 1, nikaeleza kwa Kiswahili kilichotokea. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: wanafurahi kwamba ninaipenda programu yao, na wanaomba nyota 5.

Lawama nyingine ni ya darasani. Nimesoma mbinu za utafiti muhula mzima. Nimefundishwa sampuli, maadili ya utafiti na fomu za ridhaa. Nimefundishwa kuwaheshimu wasimulizi wangu kwa maandishi. Sikufundishwa hata kwa saa moja namna ya kutunza sauti ya msimulizi: kwamba unanakili kwanza ndipo uguse, kwamba unafanya kazi kwenye nakala na si kwenye faili mama, kwamba kuna programu huria na hizi ndizo. Sisi tunaoandika insha kuhusu kupotea kwa fasihi simulizi tunamlaumu mkoloni, runinga, na vijana wasiokaa na wazee. Mimi nilikaa na bibi. Nilikuwa naye mkononi, nikampoteza kwa kidole gumba.

Ninachodai kwa watengenezaji ni kidogo. Tajeni bei mlangoni. Msiguse faili mama bila kuambiwa. Kama hamuwezi hayo mawili, ondoeni neno bure kwenye jina lenu, mtafute jingine.

Ninachotudai sisi ni zaidi. Sisi ndio tunaoulizwa na shangazi zetu "hii inafunguliwaje", na sisi ndio tunaowatumia kiungo cha kitu cha kwanza tulichokiona. Tukitoa jibu la haraka, wao ndio wanaolipa. Tujue zana mbili tatu za kweli, tuziweke kwenye simu zao kwa mikono yetu, tuwaoneshe. Na tuache kugawa nyota kama pipi za msibani.

Jumapili iliyofuata tulikaa uani, pale pale kilipokuwa kigoda. Nilikuwa nimeshanakili video kwenye fleshi mbili na kwenye simu ya binamu. Tuliicheza kwa VLC. Shangazi alikuwa na daftari la mkopo wa kikundi chao. Akaligeuza nyuma, akaandika kwa kalamu jina la kijiji, la mume, na ya watoto watatu, akinisimamisha kila jina ili asikosee. Kuna jirani yetu anayevuka kwenda Uvira mara kwa mara kwa biashara ya vitenge. Ameondoka na karatasi yenye majina hayo. Bado hajarudi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda kaulize memori kadi ya nyumbani kwenu iko wapi. Inakili leo, kabla hujaifungua kwa kitu chochote.